Wenzangu wanataka tuchote mfuko wa kikoba tukakae meza ya VIP

Shikamoo Shangazi,

Naandika usiku, watoto wamelala, mume yuko lindoni na cherehani nimeshaifunika. Mbele yangu kuna kopo la biskuti ninaloweka vifungo na zipu. Chini kabisa ya kopo hilo kuna ufunguo mmoja nimeufunga kipande cha kitenge chekundu ili usipotee. Huo ufunguo ndio unaoninyima usingizi wiki ya pili sasa.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 33, naishi Tandika. Tuna kikoba cha akina mama, tuko 24, tunakutana kila Jumamosi saa kumi jioni uani kwa mwenyekiti wetu. Hisa moja ni 5,000, unanunua kuanzia moja mpaka tano, na juu ya hapo kila mmoja anatoa 1,000 ya mfuko wa jamii. Hiyo 1,000 haina mjadala, hata kama wiki hiyo hisa umeshindwa. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo zake wanashika watu watatu wa nyumba tatu tofauti. Mimi ni mmojawapo.

Mwezi ujao kuna tamasha kubwa la muziki kwenye viwanja vya wazi kule Kinondoni. Msanii simtaji, maana nikimtaja wenzangu watajijua. Kiingilio cha kawaida ni 15,000 ukiwahi kununua, getini siku yenyewe 20,000. VIP ni 50,000. Halafu kuna meza ya watu kumi, shilingi 1,000,000, na vinywaji vya kufungulia juu yake. Mtu akatuma bango kwenye kundi letu la WhatsApp, mwingine akaandika "na sisi safari hii tukae meza, tumechoka kuonekana wa kusimama", basi kufika jioni wameshajitokeza kumi, na mimi nimo.

Laki moja kila mtu, kwa mkupuo, hakuna aliye nayo. Ndipo likaja wazo kwamba kila mmoja atoe 40,000 yake, na zile 600,000 zinazobaki tuziazime kwenye mfuko wa jamii, turudishe kwa mafungu manne. Mfukoni sasa hivi zipo 740,000. Wenzangu wawili wenye funguo wamo kwenye hao kumi na wameshakubali. Nimebaki mimi. Wanataka tufungue Alhamisi jioni, kwa kuwa bei ya meza inapanda Ijumaa, na pia, kama alivyosema mmoja, "Jumamosi kuna watu wenye maneno." Mwenyekiti wetu ni mama mtu mzima, mambo ya matamasha hana habari nayo, na hajaambiwa.

Shangazi, sitakuficha kitu. Wameshachagua kitenge cha sare na nguo zote kumi nashona mimi, 20,000 kila moja. Ukitoa ya kwangu nabaki na 180,000. Yaani laki yangu ya meza inajirudisha yenyewe na 80,000 inabaki. Kwa fundi wa Tandika hiyo ni kodi ya chumba.

Na jingine nikiri pia. Nimelelewa Kinondoni. Nilipokuwa msichana, kukiwa na shoo pale viwanja vya Leaders na upepo ukivuma upande wetu, mimi na dada yangu tulikuwa tunapanda juu ya paa la choo cha nje, tunasikiliza mpaka baba mdogo atoke na mwiko wa ugali kututeremsha. Nyimbo zote za wakati ule nazijua kwa kuzisikia kutoka juu ya lile bati. Ndani sijawahi kuingia mpaka leo. Nimeolewa, nimezaa wawili, nimeshona nguo za watu wa kwenda kwenye shoo sijui mara ngapi. Natamani, Shangazi.

Lakini mwaka jana mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake, Jumanne usiku. Saa tano tulikuwa uani kwa mwenyekiti tumefungua sanduku kwa mwanga wa tochi ya simu, na alfajiri yeye alikuwa kwenye basi la Lindi na 300,000 mkononi. Kila nikiushika huu ufunguo namkumbuka yule mfiwa alivyokaa chini kwenye kibaraza, viatu kavaa visivyofanana.

Nimejaribu kuwaambia. Nimeitwa mnoko. Mmoja, ambaye ni shoga yangu kabisa, akaniuliza, "Wewe ukizeeka utakumbuka nini, vifungo?" Mume wangu nilipomgusia akacheka, akasema niende tu, ila nisimpigie saa tisa usiku kumwambia hakuna bodaboda, yeye yuko lindoni.

Je, nitoe ufunguo? Nikikataa, nitakaa nao vipi? Na hiyo meza, kwa wewe unayejua, ina thamani ya hela hiyo?

Fundi wa Tandika


MAJIBU

Marahaba mwanangu.

Tuanze na ufunguo, maana hayo mengine yote yana utamu wake na hili ni chungu, bora tulimeze kwanza. Usiutoe. Si Alhamisi, wala siku nyingine yoyote ambayo si ya kikao.

Kuna neno moja kwenye barua yako limenishtua, nalo si tamasha wala meza. Ni hiyo Alhamisi. Siku ya msiba mlifungua sanduku saa tano usiku kwa tochi ya simu, na naamini hakuna aliyejificha, mlikuwa uani kwa mwenyekiti na kila aliyepigiwa alijua. Leo mnataka kufungua jioni kungali kweupe na bado mnakwepa macho. Hela ikishaanza kuchagua siku ambayo wenye maneno hawapo, hapo hakuna kuazima tena. Jina lake wewe unalijua.

Sasa hesabu. Mko 24 na wote mnatoa 1,000 sawasawa. Katika kila 600,000 ya mfuko ule, kila mmoja wenu ana 25,000 yake. Wale kumi na wanne wasiokwenda wana 350,000 humo ndani. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya hizo 600,000 inalipwa na akina mama watakaokuwa wamelala nyumbani kwao Tandika, hawajaulizwa, wala soda hawatapelekewa. Na mfuko utabaki na 140,000. Mwaka jana mama wa Lindi alihitaji 300,000. Je, msiba ukija kati ya fungu la kwanza na la pili, nani atakwenda kumwambia mfiwa asubiri tumalize deni la meza?

Wakikuambia wanataka mkopo, mwambie kila mmoja mkopo upo. Mnanunua hisa kila wiki za kazi gani? Hela ya hisa ndiyo ya kukopeshana, ina riba yake, ina wadhamini, inaandikwa daftarini na unaiomba Jumamosi mbele ya wote. Mwenye kuitaka laki ya meza anyooshe mkono aombe pale, aseme na sababu. Utashangaa meza inavyopungua utamu ikishawekewa riba.

Tena vikundi kama chenu siku hizi havielei hewani. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka daraja la nne na kutaka visajiliwe, na kikundi kinajisajili kikiwa na katiba yake. Itafuteni, iko kwenye mkoba wa katibu. Someni kifungu cha mfuko wa jamii kinasema utumike kwa nini. Nina hakika hamtakuta neno tamasha.

Umeuliza utakaa nao vipi. Kwanza, usibishane kwenye WhatsApp. Ukianza kuandika maelezo marefu watadaka neno moja moja na kulirusha huku na huku mpaka lionekane tusi. Sema mara moja, ana kwa ana, kwa wale wawili wenye funguo: "Huu ufunguo si wangu, ni wa watu 24. Jumamosi nitakuja nao kama kawaida." Wakikubembeleza, rudia hivyo hivyo. Usiongeze kwamba unaogopa, wala kwamba mumeo kakataa. Hasa la mumeo acha. Wanawake tuna tabia ya kumtwisha mume "hapana" ambayo ni yetu wenyewe, na huyo wako hata hajakukataza, ameomba usimpigie simu tu.

Sitakudanganya kwamba watakupigia makofi. Utanuniwa wiki mbili tatu. Sare inaweza kupelekwa kwa fundi mwingine, na ile 180,000 ukaisikia kwenye cherehani ya jirani. Hiyo ni hasara ya kweli, siibezi. Kodi ya chumba ni kodi ya chumba. Lakini jiulize kwa nini siku ile ya kugawa funguo, watu 24 wamekaa chini, walikutazama wewe. Hawakukupa kwa sababu una kopo zuri la biskuti. Na umenieleza habari ya hiyo 180,000 bila kuulizwa. Mtu anayejitaja mwenyewe anavyofaidika bado yuko salama, anachohitaji ni kusikia mwingine akimwambia kile ambacho ameshajiambia.

Basi, chungu tumemaliza. Tuje kwenye meza.

Miaka kadhaa nyuma, mimi na wenzangu kazini tulichanga tukanunua meza kwenye tamasha la wazi hapa hapa Dar. Waandaaji siwataji, na wala hawakuwa wabaya kuliko wengine. Tulikuta kitambaa cheupe, viti vya plastiki vimefungwa utepe kwa nyuma kama vya harusini, maji chupa sita, ndoo ya barafu, na kamba ya kututenga na umma. Bango lilisema saa moja jioni. Saa moja hiyo jukwaani palikuwa na mafundi wanapima vinasa sauti, "cheki, cheki, moja mbili". Wakapita wasanii chipukizi, akapita mchekeshaji, akapita mshereheshaji akatutaka tupige kelele kwa wadhamini, tukapiga. Barafu ikayeyuka, kitambaa kikalowa. Saa nane kasoro usiku mwenye shoo akatokea. Uwanja mzima ukasukuma mbele, kamba ikaenda chini, mabaunsa wakakimbilia jukwaa kulilinda kama inavyowapasa, na sisi wa meza tukabaki na meza yetu. Vijana wakapanda juu yake. Msanii nilimwona, ndiyo, nilimwona kwenye kioo cha simu ya kijana aliyesimama juu ya kitambaa changu cheupe. Alikuwa anarekodi vizuri, mkono hautikisiki. Nilimshukuru.

Sisemi kila meza huishia hivyo. Zipo shoo zenye uzio imara na jukwaa dogo la kunyanyulia meza, ukaona kila kitu kama umekaa baraza ya kwenu. Lakini kwa laki moja una haki ya kuuliza kabla hujalipa kama meza ziko kwenye jukwaa lake au chini, ziko upande gani, na kinachozitenga na waliosimama ni kamba au ni chuma. Anayeuza akishindwa kukujibu haya, anakuuzia kitambaa.

Na kwa nini ziwe ghali? Tamasha la wazi si ukumbi, mwanangu. Ukumbini kuta zipo, umeme upo, vyoo vipo. Kwenye uwanja mtupu kila kitu kinaletwa na lori, kuanzia jukwaa, spika, taa na jenereta na lingine la akiba, mpaka mabati ya uzio, vyoo vya kukodi na mabaunsa. Kuna kibali cha BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kuna malipo ya hakimiliki kwa ajili ya watunzi, kuna polisi wa kulinda usalama. Kuna msanii na wacheza shoo wake na hoteli yao, naye malipo ya awali anayataka mapema, watu wakija wasije. Mvua ikinyesha siku hiyo, gharama haipungui hata shilingi. Ndiyo maana watu wa meza na wadhamini wanabebeshwa mzigo mkubwa, na wa 15,000 anaachiwa aingie kwa bei ya kuvumilika, kwa sababu bila yeye uwanja ni mtupu, na mdhamini hawezi kutundika bango lake mbele ya viti vitupu.

Usidhani natia chumvi. Zanzibar kuna Sauti za Busara, kila Februari tangu 2004, ndani ya Ngome Kongwe. Ni tamasha linalojulikana dunia nzima, wageni wanapanda ndege kulifuata, na tiketi wanalipa bei ya kwao ambayo si ya Mtanzania. Hata hivyo mwaka 2016 halikufanyika kabisa, kwa kukosa fedha, likarudi 2017. Kama hela ya mlangoni pale Ngome Kongwe peke yake haikuweza kulibeba, ya uwanja wa Kinondoni nayo usiitarajie miujiza. Na kwa kuwa wewe ni mtoto wa paa la choo, nikuongezee hili: siku za tamasha hilo watu wengi wasio na tiketi wanakaa Forodhani, ng'ambo ya barabara tu, bakuli la urojo mkononi, na muziki wanaupata uleule. Gwaride la ufunguzi linapita mitaani, halina kiingilio. Hayo weka akiba, siku mkiwa na safari ya kikundi kwa hela iliyopitishwa kwenye kikao.

Turudi Kinondoni. Wewe unataka kumwona msanii au unataka kuonekana meza? Ukijibu la pili sina ugomvi nawe, ni starehe kama starehe nyingine, ila starehe hiyo inalipiwa na mfuko wa mwenyewe. Lakini nimesoma barua yako mara mbili na sijaona meza ndani ya ndoto yako. Nimeona bati, upepo na dada. Unachotaka ni kuwa ndani ya ule ukuta. Hiyo ni 15,000.

Piga hesabu yake yote, maana tiketi haijawahi kutembea peke yake. Tiketi 15,000. Daladala ya kwenda haikutishi. Kurudi usiku ndiko kwenye kisu, weka 10,000 mkichanga gari watu wanne, na ukirudisha chenji ushukuru. Chakula na maji, 8,000, kwa kuwa chupa ya nje hairuhusiwi getini na ya ndani bei imevimba. Haijafika 40,000, na 40,000 ndiyo ile ambayo tayari mlikubaliana kila mtu anayo! Yaani hela ya kwenda mnayo. Hela mnayoiwinda sandukuni ni ya kukaa.

Hili ndilo ningelipeleka Jumamosi, na ningelipeleka kwa sauti kubwa, mbele ya wote 24. Useme, "Jamani kuna tamasha, kiingilio 15,000, nani anakwenda?" Maana kati ya wale kumi na wanne mnaowaita wenye maneno, wapo ambao laki ilipotajwa kwenye kundi walinyamaza wakaweka simu chini. Hawakukataa muziki. Hawakuwa na laki. Mtu mwenye maneno mara nyingi ni mtu ambaye hakualikwa. Ukirudi na watu kumi na tano wa kusimama badala ya kumi wa kukaa, huyo shoga yako wa vifungo atakuja tu, atake asitake, kwa sababu sherehe itakuwa imehamia kwenu.

Mkienda, nisikilize maana haya nimeyalipia. Tiketi nunueni kwa lipa namba ya waandaaji iliyoandikwa kwenye bango lao wenyewe, na kabla hujaweka namba ya siri soma jina linalojitokeza. Likitokea jina la mtu binafsi usiyemjua, acha. Walanguzi wanaanza kuzagaa wiki ya mwisho, na tiketi feki nyingi ni picha tu ya tiketi halali, aliyeinunua mmoja kaiuza kwa watu sita. Getini anapita wa kwanza aliyeskaniwa, watano wanabaki wanaapa. Kwa hiyo na wewe yako ukishaipata usiirushe kwenye kundi kuringishia.

Kitenge chenu kizuri, lakini miguuni vaeni raba. Mwezi ujao ni vuli, na uwanja wa nyasi uliokanyagwa na maelfu ya watu baada ya manyunyu ya nusu saa unakuwa shamba la mpunga. Pochi ivaliwe mbele, simu isikae mfuko wa nyuma. Wahini, lakini si kwa ajili ya bango. Wahini mpate mahali pa kusimama. Utaliona banda dogo katikati ya uwanja, mbali kidogo na jukwaa, lina watu wawili watatu wameinamia mashine yenye vitufe vingi. Hao ndio wanaochanganya sauti, na wanaichanganya kwa jinsi inavyowafikia masikioni pale walipo. Simama mbele ya banda hilo au ubavuni mwake. Hakuna meza ya milioni moja inayosikia vizuri kuliko hapo. Mbele kabisa chini ya spika utasikia besi kifuani na kesho yake mlio masikioni.

Wimbo wa mwisho usiusubiri wote. Najua unauma. Lakini watu wote wakitoka kwa mpigo, bodaboda wa 3,000 anakuwa wa 10,000, na gari la kuita kwa simu bei inapanda mbele ya macho yako ukiwa bado unaitazama. Tokeni mapema kidogo, tembeeni pamoja mpaka barabara kubwa penye taa, ndipo muite gari. Mumeo asipigiwe.

La sare sijalisahau. Hata kama meza imekufa, sare inaweza kuishi, wanawake wakishanunua kitenge hawakirudishi dukani. Wakikuletea, shona kwa bei yako ileile, usipunguze kujipendekeza kwa kuwa ulikataa ufunguo, na usipandishe kwa hasira. Ila nusu ya malipo uishike mkononi kabla hujakata kitambaa. Yule wanayekwenda kumwangalia naye hapandi jukwaani bila malipo ya awali.

Na dada yako yuko wapi siku hizi? Mnunulie tiketi.